Gemu la Mnyonya Damu Lililorudi Bariadi

Ukitaka kucheka, cheka sasa. Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, hapahapa Bariadi, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Kwanza nikwambie habari za kaka yangu Limbu. Soko huria lilipokuja na wafanyabiashara wakaanza kuleta televisheni na mashine za gemu, mjini kilifunguliwa kibanda. Wenzetu walitaka mpira tu. Sisi wawili tuling'ang'ania gemu la mnyonya damu. Uko ndani ya nyumba na shoka lako, naye anabisha hodi kwa sura ya ndugu yako. Utafungua au utapiga? Ukifungua, umekwisha. Limbu alifungua kila mara. "Siwezi kumpiga mtu wa nyumbani," alisema, na mimi nilimcheka mpaka machozi.

Kisha akaenda machimboni, akapotea. Hakuna barua, hakuna salamu. Mama akaacha kufunga mlango hata usiku, akimsubiri.

Miaka ikapita, kibanda kikawa changu. Msimu mmoja wa pamba, mfanyabiashara mmoja akaleta gemu lilelile, limetolewa upya kwenye sidii, damu yake nyekundu kuliko zamani. Nililinunua kwa ajili ya Limbu, wala sikuwaza biashara. Mchana huo wateja wote walikuwa kwenye mizani ya pamba. Nikatundika blanketi mlangoni kuzuia mwanga, nikaanza kucheza.

"Hodi."

"Karibu," nikajibu bila kugeuka. Nani kwetu hugeuka?

Mtu akakaa kwenye kigoda cha pembeni. "Mwadila," akanisalimia Kisukuma. "Mwadila," nikaitikia, ndipo nikamtazama. Alikuwa Limbu! Amekonda, macho mekundu, anatabasamu midomo imefumba. Niamini, nilitaka kumkumbatia. Lakini badala ya kuuliza hali ya mama, aliuliza, "Mlango wa nyumbani bado ni uleule?"

Swali gani hilo kwa mtu aliyepotea miaka yote ile? Nikampa pedi ya kuchezea gemu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Kwenye skrini mnyonya damu akabisha hodi kwa sura ya ndugu. Limbu niliyemjua angefungua. Huyu alipiga shoka, hata hakupepesa macho.

"Siku hizi unapiga?"

"Machimboni mtu hujifunza," akasema. "Twende nikamwone mama."

Hapo umeme ukakatika. Katika kioo cheusi cha televisheni nilijiona mimi peke yangu. Yeye hakuwemo, na mnyonya damu, husemwa, haonekani kwenye kioo. Sikusubiri neno. Nilitoka mbio mpaka nyumbani, nikasukuma komeo.

Kwetu mlango haufungwi mchana watu wakiwamo, ni kama kuwatukana majirani. Mama, aliyekuwa anabangua karanga, akashtuka. "Ng'wanone, mwanangu, kuna nini?"

"Akija mtu mwenye sura ya Limbu, usiitike."

Heri nisingelitaja jina hilo. Muda si mrefu tukasikia, "Hodi, mayu. Ni mimi, Limbu." Mama aliinuka, karanga zikamwagika. Nikamshika, nikamziba mdomo. Machozi yake yalilowanisha vidole vyangu. Hodi ya pili. Ya tatu ilikuwa ya chini, sauti ya mtu aliyechoka. Kisha mvua ikanyesha.

Tulipofungua tulikuta mfuko wa nailoni, ndani yake doti ya kitenge. Nyayo, kama zilikuwepo, mvua ilikuwa imezifuta.

Mama hakunigombeza, na hilo ndilo linaniuma. Alishona kile kitenge, anakivaa kanisani. Komeo aliling'oa mwenyewe kwa panga. Mtu akipiga hodi, Mama anasema karibu kabla neno halijaisha. Limbu hakuonekana tena.

Sidii nimeizika. Lakini kabla ya kuizika, siku moja mteja alikaa kwenye kigoda kilekile cha pembeni, na umeme ukakatika tena. Nikatazama kioo. Nilijiona mimi peke yangu, naye mteja alikuwa pale, anatafuna muwa, ananiuliza umeme utarudi lini. Kumbe kioo kile hakimwonyeshi yeyote aliyekaa pembeni.

Sasa niambie, nilimfungia nani mlango? Lile shoka bado linanitia shaka, na vidole vile vya baridi pia. Wewe, ukimshuku mtu mwenye sura ya ndugu yako, muulize jambo moja mnalolijua ninyi wawili tu, usubiri jibu. Mimi sikumuuliza.