Saa za Marehemu Neville

Corey alikuwa akisaka skrini za studio, zile nzito za chogo, za kuchezea gemu za zamani. Huko Ballarat, Australia, akaikuta moja gerejini kwa Bi Glenys, mjane wa Neville, mhariri wa filamu. Akaiwasha, akafungua ukurasa uliofichika unaohesabu saa ambazo skrini imewaka. Saa elfu mbili tu, bado kama mpya.

"Inasemaje, mwanangu? Sina miwani."

"Elfu arobaini, mama. Imechoka hii," akasema Corey, apate kushusha bei.

Bi Glenys akaketi juu ya ndoo ya rangi. "Elfu arobaini! Miaka yote Neville ananiaga kila jioni, 'Nipo gerejini, nahariri.' Dada yangu ananicheka, 'We mjinga, anatokea mlango wa nyuma, ana mwanamke.' Kumbe alikuwa kazini!" Akafuta machozi. "Ichukue bure. Umenirudishia mume wangu."

Corey akatoa pochi. Kusema kweli sasa kungekuwa kumfisha Neville mara ya pili.

"Nikulipe, mama, tafadhali."

"Wee! Pesa ya nini?" Na kwa kuwa skrini ilikuwa nzito, Bi Glenys akashika upande wa pili, wakaibeba pamoja hadi garini.