Trela Iliyokuja Baada ya Kura

Siku ya kura mama yangu alikalia miwa tangu asubuhi mpaka vituo vikafungwa, na hasira niliyoipata siku hiyo ingeendesha mitambo ya kiwanda cha sukari msimu mzima bila mtu kuwasha moto.

Muwa ukishakatwa haungoji. Kila saa ya jua unapungua uzito, na sisi wakulima wa huku Awendo tunalipwa kwa uzito. Wakataji walikuja kwa mama Jumamosi, wakafyeka shamba lote, wakapanga miwa mafungu mafungu kando ya njia, wakaenda zao. Trela ya kuibeba itakuja lini? Hakuna aliyejua. Njia yetu ni mbovu kiasi kwamba nimewahi kuona punda akiitazama na kugeuka mwenyewe bila kuambiwa. Kalavati la kijito lilibebwa na maji zamani, kwa hiyo trela hupita tu siku dereva akiamka anajisikia shujaa.

Kura ilikuwa Jumanne.

Sasa, mama hajawahi kukosa kura. Ana rinda lake la kijani ambalo halivaliwi harusini wala Krismasi. Ni la kura tu. Na safari hii alikuwa na mtu wake. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke, alikuwa anagombea udiwani dhidi ya mheshimiwa aliyekuwepo. Alipokuja kuomba kura alivua viatu, akaingia kijitoni, akapima kwa kamba mahali kalavati jipya litakapokaa. Mama alirudi nyumbani akiimba. "Huyu ameingia majini," alisema. "Yule mwingine hata matope hayamjui."

Basi Jumanne asubuhi tulikuwa tunatoka, mama na rinda lake, kitambulisho kifuani, mara mwanamume wa bodaboda akatokea amevaa fulana yenye picha ya mheshimiwa.

"Mama! Trela inapita upande huu leo!"

"Nani amesema?"

"Wamesema tu. Labda saa nne, labda jioni. Mwenye miwa akae karibu na miwa yake, kitambulisho mkononi." Akapiga honi, huyo, boma la jirani.

Mama akasimama pale pale.

"Mama, leo ni sikukuu," nikamwambia. "Kiwanda kimefungwa. Hata dereva ana kura yake."

"Na kama itakuja?"

"Basi nenda wewe, mimi nitalinda."

"Nyathina, mwanangu, msimu uliopita si miwa yangu ilipimwa kwa jina la mtu mwingine nikiwa kanisani? Siku hizi wapakiaji wanataka mwenye shamba, uso wake na kitambulisho chake."

Na hicho kitambulisho ndicho walichokuwa wanakitaka kule shuleni kwenye kura. Kadi ni moja, mama ni mmoja, na mwenye kutuma ile pikipiki alilijua hilo vizuri sana.

Mimi nina cheti cha kidato cha nne. Nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wangu, na siku ya matokeo nilisherehekea mpaka mbuzi wa kijiji kizima wakajificha. Nilimwaga hoja zangu zote asubuhi ile. Kila nilipomaliza moja, mama alinitazama akauliza tena, polepole: "Na kama itakuja?" Kisha akaongeza, "Profesa wa jioni, huko shuleni kwenu walifundisha trela inafika saa ngapi?"

Akaketi juu ya miwa na rinda lake la kijani.

Nilikwenda peke yangu, nikapiga kura, nikarudi mbio. Njia nzima watu walikuwa wamekalia miwa yao kama kuku wanaoatamia. Mzee jirani yetu akaniita, "Omera, ndugu yangu, foleni ni ndefu?"

"Fupi kabisa, mzee. Twende!"

"Ningekuja," akasema. "Lakini trela..."

Hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo. Hakuna aliyekataa kupiga kura. Hakuna aliyetishwa, hakuna aliyehongwa hata kipande cha sabuni. Walipewa "labda", na labda haina bei, wala hakuna askari wa kuikamata. Njia mbovu ndiyo iliyofanya trela isijulikane inakuja lini, na kwa sababu haijulikani, watu wale wale waliotaka njia itengenezwe wakabaki kulinda miwa. Mheshimiwa aliiacha njia yetu iharibike, kisha akaitumia kutufungia ndani.

Dada yangu anayeuza samaki Homa Bay alipiga simu, yeye amekwisha kupiga kura yake mapema. "Mama amepiga?"

"Analinda miwa."

"Kwa hiyo huko kwenu miwa ndiyo imepewa haki ya kura?"

Nilicheka, halafu nikataka kuitupa simu kijitoni.

Alasiri mama aliinuka. Akajipangusa rinda, akashika njia ya shuleni mpaka kwenye kona, nami nyuma yake. Ndipo tukasikia injini ikinguruma mbali. Mama akageuka akakimbia kurudi, viatu mkononi.

Ilikuwa mashine ya posho, inasagia watu unga.

Mheshimiwa alirudi kitini kwa kura chache ambazo zingeenea kwenye trela moja na nafasi ya ngoma ingebaki. Trela yenyewe ilifika Ijumaa, miwa imekauka kama fimbo za kuchungia. Mama akampa dereva kitambulisho, akamuuliza kwa nini hakuja Jumanne.

"Jumanne?" Dereva akashangaa. "Mama, Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya kura." Akamwonyesha kidole kidogo, wino bado mweusi tii.

Mama akachukua kitambulisho chake. Mimi nilisema mengi, mengine hayaandikiki.

Kura nyingine inakaribia, na miwa imekua tena. Juzi mama ameniagiza: wakataji wakija kabla ya siku hiyo, niwarudishe. Muwa uliosimama hauhitaji mlinzi.

"Na kama hawatakuja tena?" nikamuuliza.

Alikuwa anaanika lile rinda la kijani kwenye kamba. Hakugeuka.

"Wasije."