Goti la Baba

Jumapili iliyopita kanisani, kijana mmoja mwenye suti alimwinamia baba yangu akamwambia, "Mzee, wenzako wote wamepiga magoti." Baba alibaki ameketi, mguu wa kulia umenyooka kama mpini wa jembe. Nilitaka kumjibu yule kijana, lakini baba alinishika mkono.

Baba alikuwa beki. Alasiri moja nilipokuwa mdogo alinipeleka kwenye mechi Busia, nikakaa naye katika chumba kilichonuka jasho na dawa ya kuchua. Nje malori ya kuvuka mpaka kwenda Uganda yalikuwa yakipiga honi. Goti lake lilikuwa limevimba kama papai. Kocha alisimama mlangoni akasema, "Daktari, fanya haraka. Sina beki mwingine."

Daktari wa timu akamdunga sindano gotini. Baada ya muda mfupi baba akarukaruka, akacheka. "Umeona, mama?" akaniambia, maana ndivyo alivyoniita. "Limepona."

Nikaamini. Niliona fahari kwamba timu ilimpenda baba yangu kiasi hicho.

Leo najua dawa ile haikuponya chochote. Ilinyamazisha maumivu tu, ili goti liendelee kuharibika bila kulalamika. Walimdunga hivyo msimu mzima, kisha wakatafuta beki mwingine mwenye magoti mazima.

Na siku ile, kwa sababu nililelewa kwa adabu, nilimwendea daktari nikamwambia asante. Akanipapasa kichwa, akasema, "Karibu."