Deki ya Rajabu na Neno Nililolimeza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo uso unaniwaka, ingawa mvi zimejaa kichwani na wengi walioiona wameshatangulia mbele ya haki. Ilikuwa Jumamosi alasiri, sebuleni kwa jirani yangu Rajabu, hapa hapa Chapwa, Tunduma. Watu wamejaa, pilau imeiva, sote tumekaa tukisubiri kusikia deki mpya ya sidii aliyoinunua ng'ambo ya mpaka. Katika watu wote wale, mimi peke yangu nilijua kwamba deki ile haitaimba. Nilijua, nikanyamaza.

Lakini ngoja nianzie nyuma kidogo, usije ukaona mkia ukadhani umemwona ng'ombe.

Miaka ile biashara ilikuwa imeshafunguliwa na Tunduma imechangamka. Malori yalipanga foleni mpaka unachoka kuyatazama. Mimi nilikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, nakusanya mahindi na maharage ya wakulima wa Mbozi na kuwauzia Wazambia. Sisi Wanamwanga tuna ndugu pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo Kibemba, lugha ya sokoni kule ng'ambo, nilikijua tangu utotoni. Wafanyabiashara waliotoka mikoani hawakukijua. Wakitaka kununua kitu Nakonde, upande wa Zambia, walinichukua niwatafsirie, na waliniamini, kwa sababu asiyejua lugha hana budi kumwamini anayeijua.

Nilikuwa na kitu kingine kilichonipa jina. Redio kaseti kubwa, yenye spika mbili za kuchomoa. Jumapili baada ya ibada nilizipanga barazani, na wanaume wa mtaa wakaja na viti vyao. Ukitaka kujua bendi gani imetoa nini, muulize Festo. Festo ndiye mimi.

Rajabu alihamia mtaani kwetu akitokea Kondoa, na lori moja lililochakaa. Mtu mpole, mcheshi, mswalihina. Alikuwa wa kwanza kufika barazani kwangu na wa mwisho kuondoka. Aliniuliza kwa nini spika siziegemezi ukutani, kwa nini kaseti nazirudisha kwenye makasha yake, nami nikamfundisha kwa raha zote. Akaanza kuniita mwalimu.

Lori lake likapata kazi. Akanunua amplifaya. Kisha akanunua spika mbili za mbao zinazomfikia mtu kiunoni, na kadeki kadogo ka sidii. Jumapili moja nikapanga spika zangu barazani kama kawaida, akaja mzee mmoja tu, naye alikuwa hasikii vizuri. Wengine wote walikuwa kwa Rajabu.

Mke wangu Sara, bila kukusudia ubaya, akaniambia wakati anachambua mboga, "Baba, umesikia muziki wa kwa Rajabu? Ni kama wapigaji wenyewe wamekaa sebuleni."

"Nimesikia," nikamjibu. Chakula siku ile sikukimaliza.

Hasidi hana sababu, mwanangu. Rajabu hakuninyang'anya kitu. Redio yangu ilikuwa palepale, inaimba vilevile. Lakini kuanzia siku ile ikawa inanikera. Nilianza kuhesabu watu wanaoingia kwake. Nikisikia muziki wake naongeza sauti ya wangu, mpaka spika moja ikaanza kukoroma. Mvua ikinyesha, nilitamani bati lake livuje pale pale penye amplifaya. Na bado nikikutana naye njiani tunacheka, tunashikana mikono. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku hizo mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa Rajabu.

Kadeki kake kadogo kalikuwa na ugonjwa wa kurukaruka. Wimbo ukikolea, kanaruka. Nilifurahia kila kaliporuka. Siku moja akanijia uso umechangamka.

"Mwalimu, nimeambiwa Nakonde kuna mtu anauza vyombo vya muziki vilivyotumika, vya maana, vinatoka Marekani. Nataka deki moja ya nguvu, nimalize kiu. Twende wote. Mimi Kibemba sijui, na macho ya kuchagua sina. Wewe unavyo vyote viwili."

Tukaenda. Muuzaji aliitwa Mulenga, mtu mwembamba mwenye miwani, Kiswahili chake ni cha kutajia bei tu. Akatuonyesha deki nyeusi, pana, nzito hata ukiibeba unaweka mgongo sawa. Kitasa cha sauti kilikuwa cha chuma kitupu. Ile trei ya kuwekea sidii ilitoka polepole bila mtikisiko wowote. Mulenga akaiunganisha kwenye kisanduku cha kushusha umeme, akaweka sidii ya rumba.

Wimbo ule nilikuwa nao kwenye kaseti. Nimeusikiliza miaka. Lakini pale dukani, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, nilimsikia akivuta pumzi. Nikasikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza juu ya waya. Rajabu akafumba macho. Mimi nikamtazama, na moyoni nikasema, basi, sasa hata yule mzee asiyesikia vizuri ataniacha.

Rajabu akalipa pale pale. Mulenga akaigeuza deki, akanionyesha kifuniko kidogo nyuma yake kilichofungwa kwa skurubu, akaniambia kwa Kibemba, taratibu, kama mtu anayejali kazi yake: "Mwambie rafiki yako, hii imewekwa kwa umeme mdogo wa kwao Marekani. Mimi bisibisi ya kufungua hapa imepotea. Asiichomeke nyumbani kabla fundi hajafungua na kugeuza swichi iliyomo ndani. Akiichomeka hivi hivi, itaungua."

"Anasemaje?" Rajabu akauliza.

Mwanangu, sikupanga. Wala sikulala nikiliwaza neno hilo. Lilikuja tu pale mdomoni, likiwa limeiva, kwa sababu nilikuwa nimelipalilia miezi mingi bila kujua.

"Anasema uikinge na vumbi," nikamwambia.

Rajabu akamshika Mulenga mkono kwa mikono miwili, tukaondoka.

Ndivyo tulivyofika Jumamosi ile. Rajabu alialika mtaa mzima. Mkewe Mwajuma alipika tangu asubuhi, na alimletea Sara sahani ya kwanza. Deki ikawekwa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Rajabu akasimama katikati ya watu.

"Jamani, muziki mimi nimefundishwa na huyu kaka Festo. Kwa hiyo heshima ya kuwasha ni yake. Mwalimu, njoo uchomeke."

Watu wakapiga makofi.

"Chomeka mwenyewe," nikasema. "Mali ni yako."

Akacheka, akainama, akachomeka, akabonyeza. Taa ndogo ya buluu ikawaka. Kisha tukasikia mngurumo, ukafuata mlio mkali, na moshi ukatoka kwenye matundu ya juu. Harufu ya waya kuungua ikajaa sebule. Mwajuma akapiga kelele na kuvuta watoto. Rajabu akachomoa waya, akabaki ameushika, anautazama.

Nikuambie ukweli wangu wote? Nilifurahi. Furaha ile ilikuja kabla hofu haijafika, na ilikuwa tamu. Haikudumu hata kiasi cha mtu kumeza mate, lakini niliionja, na aibu yake ndiyo ninayoizungumza mpaka leo.

Rajabu hakunishuku hata kidogo. Alisema ametapeliwa. Siku ya pili akachukua madereva wenzake wawili, akanichukua na mimi nikatafsiri, tukaenda kwa Mulenga. Wakamfokea mbele ya wateja wake. Mulenga hakuelewa wanachosema, ila alielewa hasira. Akanigeukia.

"Festo," akaniambia kwa Kibemba, "waambie nilichokuambia."

"Anasemaje?" Rajabu akauliza.

Hapo Mungu alinipa mlango wa pili, mwanangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini uongo wa kwanza hauzai mtoto mmoja.

"Anasema mali ikishauzwa hairudi."

Mmoja wa madereva akaipiga teke meza ya Mulenga. Redio zikaanguka, kioo cha kabati kikapasuka. Mtu akasema, "Mwizi!" Unajua neno hilo linavyowaka sokoni. Watu walianza kukusanyika, na lau wazee wawili wa pale wasingemsukuma Mulenga ndani na kufunga mlango, sijui ningekuwa na damu ya nani mikononi. Alipokuwa anaingia alinitazama kupitia miwani iliyopinda. Hakunitukana. Alinitazama tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka amenikosea lini.

Wiki ile duka lake halikufunguliwa. Watu wa Tunduma wakaambiana wasinunue kwake.

Shangazi yangu Naomi, dada wa baba, aliolewa Nakonde na alikuwa jirani wa Mulenga. Asubuhi moja nikamwona anaingia uani kwangu na kikapu cha maharage kichwani. Nikamwamkia. Aliitikia, akatua kikapu, akakataa kiti.

"Festo, Mulenga alikuambia nini siku mliponunua ile deki?"

"Shangazi, habari hizo ni ndefu."

"Zifupishe."

Hakunisubiri, akaendelea kwa sauti ya chini.

"Mulenga amelia mbele yangu. Mtu mzima, ana wajukuu. Hakulilia kioo. Anasema, mama, nilimwambia mwanao, maneno nilimpa yote, yamekwenda wapi? Nami nimekuja kukuuliza, yamekwenda wapi?"

"Niliyameza, Shangazi."

"Kwa nini? Rajabu amekunyang'anya nini?"

Nikatafuta. Nakuapia nilitafuta jibu la kumpa, nikapekua moyo wote, sikupata hata kosa moja la Rajabu.

"Muziki wake ukiwaka, wewe anakufukuza?"

"Hapana. Ananiita."

"Anakuita, unakataa, halafu unaumia kwamba hukuwepo." Akatikisa kichwa. "Mwana wa kaka yangu, watu wawili wasioelewana lugha walisimama juu ya ulimi wako kama juu ya daraja, nawe ukaling'oa. Ukimwibia mtu mali yake, anajua kaibiwa. Wewe umemwibia Rajabu maneno yake na Mulenga jina lake, na hakuna kati yao anayejua mwizi ni nani."

Nikamwomba aende yeye kuzungumza na Rajabu. Akajitwisha kikapu chake.

"Mimi siendi. Mdomo uliopindisha ndio utakaonyoosha. Mficha uchi hazai, Festo." Akaondoka.

Siku hiyo hiyo nikamwendea Rajabu, nikamwambia twende Nakonde, nina neno la kuwaambia yeye na Mulenga kwa pamoja. Nikaomba na wale madereva waje. Mulenga alipotuona alitaka kufunga mlango, nikamsihi. Tukasimama mbele ya duka, pale pale alipoitwa mwizi, watu wakaanza kusogea.

Nilikiri kwa lugha mbili. Nikisema sentensi moja kwa Kibemba, naigeuza Kiswahili. Nikasema alichoniambia Mulenga. Nikasema nilichokibadilisha, siku ya kwanza na siku ya pili. Nikasema na sababu: kwamba nilimwonea Rajabu wivu. Neno hilo, mwanangu, ni dogo katika lugha zote, na katika lugha zote ni zito kulitamka.

Rajabu akanitazama usoni.

"Siku ile nilipokuita uje uchomeke," akauliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na mke wangu alikuwa amekupakulia chakula."

"Ndiyo."

Akageuka, akanipa mgongo, akamshika Mulenga mikono yote miwili. Kisha akasema bila kunitazama, "Mwambie namwomba radhi kwa kioo na kwa jina tulilomwita. Na safari hii, Festo, mwambie hivyo hivyo."

Nikamwambia hivyo hivyo. Sijawahi kutafsiri kwa uangalifu kama siku ile.

Mulenga alimsamehe. Madereva walimwekea kioo kipya, na wao wenyewe ndio waliozunguka Tunduma kusema yule mtu si mwizi. Fundi wa Mbeya aliifufua deki. Mimi niliibeba magotini kwenye basi, kwenda na kurudi, na niliuza redio yangu kulipia kazi ile, Rajabu hakunizuia. Salamu yangu aliitikia siku zote, kwa kuwa ni mtu wa dini. Lakini mwalimu hakuniita tena. Mwaka mzima niliisikia ile deki kutoka upande wangu wa ua. Halafu sikukuu moja mwanawe akaja na sahani, akasema baba anakukaribisha. Nilikwenda, nikakaa karibu na mlango. Tulisikiliza, tukazungumza habari za mvua. Urafiki ulirudi, ila ulirudi ukichechemea.

Sasa nasikia nawe, mwanangu, huwezi kutaja jina la mwenzako aliyekwenda kuchimba dhahabu Mkwajuni akarudi na pikipiki bila kuongeza neno la kumpunguza. Ndiyo maana nimekuvulia nguo zangu leo. Wivu ukikujia, usijione mbaya kuliko watu wote, maana humjia kila mtu. Ila usiukaribishe ukae. Mwendee huyo mwenzako angali rafiki yako, keti kwake, mwambie hongera kwa sauti, mara ya kwanza kwa kujilazimisha, mpaka siku hongera itakapotoka yenyewe. Na mtu akikukabidhi maneno yake uyafikishe, yafikishe kama ulivyopewa, hata yakiwa ya kumfaidi yule usiyempenda. Ukiwa umeshakosea, usisubiri shangazi aje na kikapu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa urafiki, mimi niliyeujenga nakuambia, hausimami tena wima.

Mungu akupe macho yanayofurahia sahani ya jirani. Akupe ulimi usiopungukiwa na ukweli hata mbele ya unayemwonea kijicho. Na siku ukialikwa kwenye furaha ya mtu, uingie na moyo mweupe, ule, ucheke, na urudi kwako salama. Amina.