Mechi Iliyouzwa Nikiwa Uwanjani

Nikisikia harufu ya machungwa yaliyokatwa yakaachwa kwenye ndoo ya plastiki, mimi huvuka barabara hata leo. Ndiyo tuliyopewa wakati wa mapumziko, inzi wakiwa wameshatangulia kuonja. Nilicheza ligi za chini za mpira kule kwetu Nakuru kwa sehemu kubwa ya ujana wangu, nikiwa beki wa kati, na mpira ule ulinuka hivyo: machungwa yaliyochacha, dawa ya kuchua misuli, na mkojo wa chumba cha kubadilishia nguo ambacho hakuna aliyekiosha. Nilivunjwa pua Molo kwenye ukungu, nikaangukia mavi ya ng'ombe mahali ambapo asubuhi uwanja ulikuwa malisho, na nikarudi Jumamosi iliyofuata bila kulalamika. Uchafu wa aina hiyo niliuzoea. Ule mwingine sikuuzoea.

Nililelewa mtaa wa Section 58. Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, kama babake aliyetoka magharibi mwa nchi kuja kufanya kazi hiyo hiyo, na Jumapili baada ya kanisa alikuwa na safari moja tu, ya uwanjani. Hakupenda washambuliaji. Alisema mshambuliaji akikosa anashika kichwa na watu wanamwonea huruma, lakini beki akikosa watu wanamtafutia jina. Mimi nikaamua kuwa beki, nadhani kwa sababu nilitaka anitazame.

Nilipomaliza shule niliajiriwa kwenye shamba moja la maua Naivasha. Cheti changu hakikusaidia chochote. Shamba lilikuwa na timu, na meneja alikuwa ameniona nikiruka kuokoa kona. Asubuhi tulipanga waridi kwenye chumba baridi kama friji, vidole vikifa ganzi, na jioni tulifanya mazoezi kando ya barabara ya vumbi. Hapo ndipo nilipokutana na mtu nitakayemwita mwenzangu tu, kwa sababu neno rafiki nimelishindwa.

Alitoka Keringet, kwenye familia ya wakulima wa viazi. Mrefu, mwembamba, mguu wake wa kushoto ukipiga mpira kama anaufuta vumbi. Tulipangwa pamoja katikati ya ulinzi, na kuanzia wiki ya kwanza tulielewana kwa namna ambayo sijawahi kuelewana na mtu, hata mke wangu. Nikiruka, yeye yuko nyuma yangu. Akitoka pembeni kumfuata mtu, mimi nimeshaziba pengo. Siku moja kocha alituuliza tunaongea lugha gani huko nyuma, maana yeye hasikii neno. Tulicheka sana. Klabu moja ya mjini Nakuru iliponitaka, niliwaambia sitakuja peke yangu, na wakatuchukua sote wawili.

Mwenyekiti wa klabu hiyo alikuwa mfanyabiashara wa mbao aliyetaka siasa. Alitaka tumwite Mheshimiwa kabla hata hajachaguliwa na mtu yeyote. Alikuwa na tabia ya kuingia chumbani tukiwa nusu uchi, kijiti mdomoni, na kutushika shingo mmoja mmoja kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Mkono wake ulikuwa na mafuta daima, maana nje ya uwanja palikuwa na mtu wa nyama choma na yeye hakupita hapo bila kuonja. Lakini alitununulia jezi, na msimu ule tulikuwa tunacheza vizuri, na mimi nilikuwa kapteni. Nilivumilia mkono.

Mechi ya mwisho tulikuwa nyumbani. Tukitoka sare tu tunapanda daraja. Wageni walihitaji kushinda ili wapande wao. Uwanja ulijaa, na baba alikuwa amekaa mahali pake pa kawaida karibu na uzio, kofia ya kazi kichwani. Kabla hatujatoka, mwenyekiti aliingia. Siku za kawaida angetupigia kelele na kututishia. Siku hiyo alikuwa mpole.

"Wanangu, leo msijiumize," alisema, kiganja chake kikiwa kwenye shingo ya kipa wetu. "Mpira ni mchezo tu."

Nilifikiri ni mgonjwa.

Bao la kwanza lilikuja hivi. Mpira mrefu ulipigwa kutoka nyuma yao. Niliuona ukinipita juu na sikuhangaika, kwa sababu mwenzangu alikuwa nyuma yangu. Nilipogeuka alikuwa amelala chini na mshambuliaji wao ameshafika kwa kipa. Nilikimbia kumwinua.

"Pole bro, umeteleza?"

Aliitikia kwa kichwa bila kunitazama. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Uwanja wote ulikuwa mkavu kama sakafu ya duka.

La pili, kipa wetu alidaka krosi ambayo mamangu angeidaka akiwa na leso mkononi, kisha akaiachia miguuni mwa mtu wao. Hakushika kichwa. Hakupiga ngumi ardhini. Aliuokota mpira wavuni, akautupa katikati, akavuta soksi zake juu. Hapo ndipo baridi iliponiingia.

Wakati wa mapumziko nilisimama katikati ya kile chumba.

"Kuna mtu ataniambia nini kinaendelea hapa?"

Nilisikia tu watu wakifyonza machungwa. Wengine walinitazama kwa macho ya watu wasiojua lolote, na wengine walitazama sakafu, na kwa macho hayo tu ningeweza kuwagawa.

"Keti, kapteni," kocha alisema. "Kula chungwa."

Nikamgeukia mwenzangu. "Uliteleza wapi? Uwanja ni vumbi tupu."

Alitema mbegu ya chungwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemhurumia mwingine, "Wachana nayo, bro. Imeshaisha."

Watu hudhani nilikasirika. Hasira ilikuja baadaye. Pale pale nilichosikia ni kinyaa, kama mtu aliyekunywa chai nusu kikombe kisha akaona kilichokuwa kimezama chini. Nilikumbuka kila mechi tuliyocheza pamoja nikajiuliza ni ipi nyingine iliyouzwa. Nilitaka kuvua jezi. Lakini baba alikuwa nje na sikujua ningemwambia nini, kwa hiyo nikarudi uwanjani.

Nusu ya pili nilicheza dhidi ya timu mbili. Tulipopata kona nilipanda mwenyewe, nikaupiga kwa kichwa ukaingia. Vijana wa timu yetu, wale wasiojua, walinirukia mgongoni kwa furaha. Kipa wetu alibaki mlangoni mwake, mikono kiunoni. Dakika chache baadaye alitoka nje ya eneo lake kufuata mpira ambao haukuwa wake, akaliacha goli wazi, nami nikakimbia nikauondoa mpira kwenye mstari.

"Wewe una shida gani?" alinifokea. "Unataka kutuharibia?"

Nilimshika jezi. Sikumpiga, ila nilimshika, na uwanja mzima uliona kapteni akipigana na kipa wake. Refa akatutenganisha. Nilipotazama pembeni, kibao kilikuwa kimeinuliwa, na namba iliyoandikwa ilikuwa yangu.

Nilikataa kutoka. Nilisimama pale kama mti mpaka refa aliponiambia kwa upole, "Kijana, nisikupe kadi bure. Toka." Nikatoka. Na nilipokuwa nikitembea kuelekea benchi, mashabiki wetu, watu wa mtaani kwetu, walianza.

"Msaliti! Umeuza! Mwizi!"

Kwa macho yao hesabu ilikuwa rahisi. Kapteni amegombana na kipa, kocha amemtoa, basi kapteni ndiye mwovu. Chupa ilirushwa ikanipata begani, ikafunguka. Kilichomwagika hakikuwa maji. Kilikuwa na joto, na kiliteremka mgongoni mpaka kwenye kaptura. Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu na benchi. Alinipigapiga shavu kwa mkono wake wa nyama choma.

"Umechoka, kijana. Pumzika."

Nilikaa kwenye benchi nikinuka mkojo wa mtu nisiyemjua na kutazama kitu kibaya kuliko vyote. Mwishoni kabisa mshambuliaji wao alichomoka peke yake, na mwenzangu, ambaye hakuwa na sababu tena ya kuteleza, alimfuata akauchukua mpira miguuni mwake kwa usafi, bila kumgusa, akainuka nao na kuupiga pembeni kwa ule mguu wa kushoto. Ilikuwa kazi nzuri mno. Mashabiki walimpigia makofi. Kisha kipenga kikalia, tukawa tumeshindwa mbili kwa moja.

Baba alinisubiri kwenye geti. Watu walikuwa bado wananitukana. Alinishika mkono, mimi mtu mzima mwenye ndevu, akaushika kama anavyoshikwa mtoto wa nasari, na tukatembea hivyo kupita katikati yao hadi nyumbani. Mama alinipashia maji. Nilipotoka bafuni baba alikuwa amekaa mezani na kofia yake magotini.

"Yule wa kushoto hakuteleza," alisema.

"Uliona?"

"Nilikuwa nimekaa karibu. Alijilaza."

Nililia, na hakunikataza.

Nilipeleka malalamiko kwa msimamizi wa ligi. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza nina ushahidi gani. Nikamweleza kuhusu uwanja mkavu, kipa, maneno ya mapumziko. Alitabasamu. "Boss, kuteleza si kosa. Na wewe ndiye uliyemshika mwenzako jezi." Baadaye nikasikia mtaani kwamba kapteni ameuza mechi na sasa anatafuta wa kumsingizia. Nilipokwenda kwenye majaribio ya timu nyingine, kocha wake aliniita kando kabla sijafunga kamba za viatu.

"Mzee, mpira wako naujua, ni mzuri. Lakini mimi sitaki mtu wa kuuza mechi."

Hivyo ndivyo nilivyoacha mpira. Hakuna goti lililovunjika, hakuna sherehe ya kuagwa. Nilipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na Jumamosi mchana nikawa naosha mitungi ya maji tu, nipate la kufanya.

Mwenzangu alikuja kututembelea mwaka uliofuata, na gunia la viazi kutoka kwao. Mama, ambaye alimpenda, alimkaribisha chai kabla sijajua yuko ndani. Tulikaa nje mimi na yeye.

"Bro, nilikuwa na shida," alianza. Akanieleza: mamake alikuwa hospitalini, mambo yalikuwa magumu nyumbani. Namwamini. Hata siku ile nilimwamini.

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Basi. Mimi nilijua wewe hawawezi kukuuliza kama utauza."

"Waliponiita mwizi ulisikia?"

Alipuliza chai yake.

"Kuna watu wamekaa pale nje ya duka," nilimwambia. "Wako pale kila siku. Nenda uwaambie sikuuza. Wewe usijitaje. Sema tu si mimi."

Aliwatazama wale watu. Kwa kitambo kidogo nilidhani angeinuka.

"Bro, mimi bado nacheza," alisema.

Aliondoka kabla chai haijapoa. Mama alipika vile viazi jioni, na nilipositasita kula akaniuliza, "Sasa viazi vimekosa nini?" Yeye na baba walikula. Mimi niliweka kipande kimoja mdomoni nikashindwa kukimeza, nikatoka nje nikakitema.

Baba alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa wa kifua aliotoka nao karakana. Siku ya mazishi, tukiwa tumekaa chini ya hema, magari makubwa yalisimama barabarani na yule mwenyekiti akashuka. Wakati huo alikuwa amechaguliwa. Watu walimwita Mheshimiwa bila kulazimishwa. Hakuna aliyemwalika. Mwendeshaji wa shughuli, akiona gari, alimpa maiki kabla hata mchungaji hajamaliza kuketi.

Alizungumza kwa muda mrefu. Alisema marehemu alikuwa shabiki wake mkubwa. Alisema mimi nilikuwa kapteni bora aliyewahi kuwa naye, mtu wa kujitolea, na kwamba mpira umewalea vijana wengi wa mtaa huu waaminifu. Akanyoosha mkono ule ule kuelekea nilipokaa ili watu wapige makofi. Na watu walipiga. Baadhi yao niliwatambua. Walikuwa upande ule wa uzio ilikotoka chupa. Mimi sikuinuka.

Mama ndiye aliyeinuka. Alitembea polepole na leso yake nyeusi, akasimama mbele yake, akanyoosha kiganja mpaka akakabidhiwa maiki. Wengi walidhani anataka kushukuru.

"Mheshimiwa," alisema, na spika zikaipeleka sauti mpaka barabarani, "mume wangu hakuwa shabiki wako. Aliona mlichomfanyia mtoto wangu, na amekufa akikisema. Chakula kiko pale nyuma. Kula, halafu uende."

Yule mtu alicheka kidogo, akatafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Na akaenda kula kweli. Nilimwona kupitia pengo la hema, amesimama na sahani, akichagua vipande vya nyama kwa vidole, huku mchungaji akianza kusoma.