Jina la Tata Kwenye Muhtasari

Mwanangu, ipo siku moja hainitoki kichwani, na natamani ingenitoka. Nilikuwa kijana, katibu wa kamati ya kijiji hapa kwetu Muleba, kalamu mfukoni na kichwa kimevimba. Akaja mtu kutoka Bukoba mjini akitaka rweya yetu, lile eneo la nyasi la wote, apande mikaratusi. Mwenyekiti akaniambia niandike muhtasari wa mkutano kwamba wanakijiji wameridhia. Mkutano wenyewe haukukaa. Nikaandika. Kwenye mahudhurio nikajaza majina ya wazee, na la kwanza kabisa nikaweka la baba yangu, Ta Rwegasira, niliyemwita Tata, maana nani angebisha akiliona?

Na Tata ndiye aliyeihitaji rweya kuliko wote. Nyasi zake alizikata akazitandaza kwenye kibanja, shamba lake la migomba. Maganda ya ndizi yalirudi shambani, samadi ilirudi, hata majivu ya jikoni. Hakutupa kitu yule mzee. Migomba ilisimama kwa nyasi zile, na sisi tulikula kwa migomba ile.

Muhtasari uliposomwa, habari zikamfikia. Akaja kwangu, akakaa, hakugusa hata kahawa ya kutafuna niliyomkaribishia. Akaniuliza kwa upole, "Kwenye huo mkutano, mimi nilisemaje?"

Nikaisogeza kahawa karibu yake. Mpaka leo sina la kumjibu.

Mikaratusi ikakua haraka. Chemchemi ya bondeni ikapungua, kisha ikakauka. Tata akawa anafuata nyasi mbali, anabeba kichwani na uzee ule, mpaka mgongo ukakataa. Kibanja alichorithi kwa baba yake kikachakaa akikitazama, na humo humo tukamzika. Ndilo kaburi ninalopalilia kila wiki, kati ya migomba isiyozaa.

Sasa wanakuja wageni wengine na makabrasha, wanahubiri uchumi wa kijani. Haya. Mikaratusi nayo ni ya kijani, nenda ukaitazame. Sina imani nao, na kusema kweli hata mimi mwenyewe sijiamini.

Lakini juzi kijiji kimekuchagua wewe kuwa katibu. Nakuomba, usiandike mkutano ambao haukukaa, wala usimweke mtu mahali ambapo hakuwepo. Kabla ya kugawa ardhi au maji ya wote, waulize wanaoyatumia, wajibu kwa midomo yao. Tumia kwa kiasi, na ulichochukua ardhini ukirudishe. Sijui kama itatosha; mimi nimeshachelewa. Mungu akulinde na kalamu yako. Na siku mzee wako akikuuliza alisemaje, uwe na la kumjibu.