Majiko Matatu, Milango Sita

Sie tuliokulia nyumba za kupanga za Mwananyamala hatukuhitaji simu kujua jirani kapika nini. Pua ilitosha. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita kuzunguka uwa, na majiko ya mkaa matatu tu, kwa sababu mwenye nyumba, karani mstaafu, hakutaka moshi zaidi ya huo. Akaandika karatasi, akaibandika karibu na bomba: chumba cha kwanza na cha pili jiko moja, cha tatu na cha nne, cha tano na cha sita. Mama Zubeda wa chumba cha pili akalalamika kwamba mwenziwe anachemsha maharage tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Basi yule mzee akaandika nyingine: cha pili na cha tatu, cha nne na cha tano, cha sita na cha kwanza. Ya zamani hakuibandua. Zikakaa mbili pale ukutani, na hakuna aliyefuata hata moja. Mwenye sufuria alibandika palipo na moto, na sie watoto tulikula palipo na sahani. Ukikomba ukoko wa chumba cha tano bila kunawa, unachapwa na mama wa chumba cha nne.

Nilipokuwa darasa la sita mama akalazwa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baba hatukuwa naye. Mjomba akapanda basi kutoka Masasi aje anichukue nikaishi kwake. Nililia mpaka sauti ikakauka, maana huko nisingemwona mama tena mpaka Mungu apende. Mjomba hakuwa mtu mbaya, alitaka kujua jambo moja tu. Akasimama uwani, akauliza: "Huyu mtoto anakula kwa nani?"

"Kwangu," akasema Mama Zubeda.

Yule wa maharage naye akasema kwake. Wa chumba cha sita, aliyekuwa akipepeta mchele, akasema kwake, wala hakuinua macho. Mjomba akaenda kusoma zile karatasi, akazidi kuchanganyikiwa. Alikaa siku mbili, akala kwenye milango minne, akarudi Masasi peke yake. Mama alipotoka hospitali alinikuta nimenenepa.

Miaka ikapita, nikafika kidato cha tano. Mwalimu wa twisheni, kule Kimara, akachora molekuli ya benzini: kaboni sita zimeshikana duara, vifungo vitatu kati ya vile sita vikiwa maradufu. Pembeni akaichora tena, vile vya maradufu vimesogea nafasi moja. Nikashtuka. Zilikuwa karatasi za mzee wetu. Mwalimu alipouliza maana yake nikajibu kwa kujiamini kwamba benzini inabadilika, mara hivi mara vile. Darasa zima likaniunga mkono.

"Haibadiliki," akasema. "Iko vilevile muda wote. Karatasi yetu ndiyo haitoshi kuichora."

Akaeleza kwamba rezonansi ndiyo hiyo, kitu kimoja kuhitaji michoro miwili kwa kuwa mmoja hautoshi; kwenye benzini yenyewe elektroni za ziada za vile vifungo maradufu zimetandaa kwenye kaboni zote sita, hazina mwenyewe, na ukipima pande zote ziko sawa. Ndiyo maana benzini haivunjiki kirahisi. Wenzangu wakanakili. Mie nilikuwa namfikiria mjomba mbele ya ule ukuta.

Leo naishi Madale. Nyumba yangu, geti langu, jiko la gesi la pleti nne na mpishi mmoja, mie. Mwanangu mkubwa yuko bweni, benzini kaisoma kwenye video ya dakika tatu, hadithi zangu hazitaki. Watoto wa siku hizi wanajua kila kitu isipokuwa jina la jirani. Nami nimcheke vipi, wakati la jirani yangu hata mie silijui?

Mwezi uliopita nililazwa siku mbili, presha. Kaka yangu, mtoto wa yule mjomba wa Masasi, akapiga simu kumuulizia binti yangu mdogo, wa darasa la sita, kwamba anakula kwa nani.

"Kwangu," nikamjibu, nikiwa kitandani wodini.